Mama ana kilo 112: tuuze shamba akapasuliwe na roboti?

SWALI: Shikamoo daktari. Tuko Sengerema. Mama ana miaka 66, kilo 112, presha na sukari. Alianza kutokwa damu wakati hedhi ilishakoma zamani. Kinyama kilichopimwa Mwanza kimeonyesha saratani ya mji wa mimba aina ya sirasi, na daktari akatuambia ni "hatari kubwa". Kaka anataka tuuze shamba, mama akapasuliwe na roboti India. Ndiyo salama zaidi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo "hatari kubwa" ina mizigo miwili, na kaka yako ameichanganya. Wa kwanza ni wa saratani yenyewe: sirasi ni kali, hupenda kutoroka mapema kwenda kwenye mitoki na kwenye pazia la mafuta linalofunika utumbo. Wa pili ni wa mama: uzito, presha, sukari. Roboti husaidia huo wa pili tu.

Yenyewe haipasui. Ni kama winchi ya bandarini, bila dereva haiinui hata gunia. Daktari hukaa pembeni akitazama ndani ya tumbo kwa kamera, akiongoza vyuma vinavyojipinda kama kifundo cha mkono na kupita kwenye matundu madogo. Faida yake kwa mtu mnene ni ya kweli. Kidonda kirefu kwenye tumbo lenye mafuta mengi, tena na sukari, huoza na kuachia upesi. Utafiti wa Marekani uitwao LAP2, wa wanawake 2,616 wenye saratani ya mji wa mimba, ulilinganisha kufungua tumbo na matundu ya kawaida yasiyo na roboti. Robo ya waliopangiwa matundu waliishia kufunguliwa tumbo, na wanene ndio waliongoza. Hapo ndipo roboti imepata sifa, kwa kupunguza kugeuza njia katikati ya kazi.

Lakini kupona je? Katika utafiti huohuo, waliokuwa hai baada ya miaka 5 walikuwa asilimia 89.8 pande zote mbili. Tundu dogo huharakisha kurudi nyumbani, haliongezi umri. (Jirani mwenye saratani ya mlango wa kizazi asiige hesabu hii. Huko, utafiti wa 2018 ulionyesha matundu yalirudisha ugonjwa zaidi.)

Tena mama atalazwa kichwa chini, tumbo limejazwa gesi, mapafu yakibanwa. Daktari wa usingizi ndiye wa kusema kama moyo wake utastahimili, na akikataa, roboti haina kazi.

Baada ya upasuaji, sirasi kwa kawaida hufuatwa na dripu za kemo, yaani dawa za kuua saratani (karboplatini na paklitakseli), kila wiki 3. Safari hizo ndizo za kuwekea fedha. Kuvuka daraja la Busisi kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, ni rahisi kuliko kurudi India.

Kwa hiyo kwanza apigwe picha ya CT ya kifua, tumbo na nyonga, na sukari ishushwe. Saratani ikionekana imefika kwenye ini au mapafu, huenda kemo ikatangulia kisu. Kaka amwambie mnunuzi wa shamba asubiri majibu ya CT.