Tanguliza echo kabla ya kugusa faili

Ndugu, umeuliza uanzie wapi ili ubadili majina ya mamia ya picha, uzihamishe na kufuta zisizohitajika kwa amri, badala ya kubofya moja moja. Kwenye Linux au Mac, anza na amri mbili tu: mv, inayohamisha faili na pia kuibadili jina, na rm, inayofuta.

Fungua folda ya majaribio, nakili humo picha chache, kisha, kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri) iliyofunguliwa katika folda hiyo, andika:

for f in *.jpg; do echo mv -n "$f" "picha_$f"; done

Hapo hakuna kitakachoguswa. Echo inakuonyesha tu amri ambazo zingetekelezwa. Zisome mstari kwa mstari. Ukiridhika, ondoa neno echo na urudie. Alama za kunukuu usiziache hata siku moja, maana jina lenye nafasi katikati litasomwa kama majina mawili. Na ile -n huzuia mv kuandika juu ya faili nyingine yenye jina hilohilo, jambo ambalo kwa kawaida hulifanya kimyakimya.

Kwenye kufuta ndiko nakusihi uende polepole sana. Rm haipeleki kitu kwenye pipa la taka. Ukiandika rm *.tmp zinafutwa zile za muda tu. Nafasi moja ikiponyoka, ikawa rm * .tmp, faili zote za folda hiyo zimekwenda. Kwanza tumia ls *.tmp uone orodha, halafu rm -i, ikuulize kwa kila faili.