Fyuzi inaungua kila ukikata kona

Pole ndugu. Unasema umejifungia taa mbili za ziada kwenye pikipiki, na kila ukikata usukani kushoto fyuzi inaungua. Mimi silaumu taa. Karibu hakika waya umechubuka pale shingoni, usukani unapozungukia, na shaba inagusa chuma. Yalinikuta hapa hapa Goma: mawe ya volkeno yalinitikisa mpaka waya ukamenyeka, nikasikia harufu ya plastiki chini ya tangi.

Kwenye betri fungua hasi kwanza, ndipo chanya. Ukianza na chanya, spana ikigusa fremu utaona cheche. Kisha geuza usukani taratibu huku unachungulia. Palipochubuka kata, unga kwa lehemu, funika vizuri, na uache waya ulegee kidogo.

Usiweke fyuzi kubwa zaidi, wala ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi (wote tumeshafanya). Taa mbili za wati 18 kwa volti 12 zinakula ampea 3. Fyuzi ya ampea 5 karibu na betri yatosha.

Ukikuta waya mkubwa umeyeyuka au betri imevimba, hiyo ni kazi ya fundi umeme. Usiiwashe pikipiki kumfikia, isukume.