Mwalimu, usipeleke hiyo barua Jumatatu. Mimi ya kwangu niliipeleka

Salamu baadaye.

Mleta mada, umeandika kwamba wewe ni mwalimu wa shule ya msingi, una miaka tisa kazini, umeokoka, unasali, unatoa fungu la kumi, lakini ndani umekauka. Ukauliza mambo manne: uombe saa ngapi, usomeje Biblia bila kusinzia, uhame kanisa au ubaki, halafu mwishoni kabisa, kama mgonjwa anayeongelea mafua nusu saa na kutaja damu akiwa ameshashika kitasa cha mlango, ukauliza kama ni sawa kuchukua mkopo wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo), kuutoa wote kama sadaka ya kujimaliza, kuacha kazi kwa barua ya saa 24 na kupanda mlimani siku 40 kufunga na kuomba. Kwa sababu mtumishi wa Mungu amekuambia ukavu wako ni laana ya ukoo.

Naanza na hilo la mwisho. Hayo mengine nikiyakumbuka.

USIACHE KAZI.

Na wewe mchangiaji wa pili uliyemwandikia "chukua hatua ya imani dada, hata Petro alishuka chomboni", wewe umeshuka chombo gani? Maana naona umeandika saa nne asubuhi siku ya kazi, kwa bando la ofisi.

Mwaka 2016 nilikuwa mtunza stoo kwenye godauni la vifaa vya ujenzi hapa Dar. Saruji, nondo, mabati, misumari. Mshahara wa kawaida, mke mmoja, watoto wawili, nyumba ya kupanga Mbagala. Mlutheri wa kuzaliwa, ila nilikuwa nimeanza kwenda kwenye huduma moja jioni kwa sababu kule nilikuwa nasikia kitu. Kanisani kwetu nilikuwa nahesabu feni. Sita, moja mbovu.

Ukavu ulikuwa wa kweli, sikudanganyi. Nilikuwa nikipiga magoti naona kama naongea na ukuta. Nikamwendea mtumishi. Hakuniuliza unafanya kazi gani, hakuniuliza unaishije na mkeo, hakuniuliza hata kama nalala. Alifumba macho dakika moja, akafumbua, akasema anaona nyoka amejizungusha kwenye mti wa ukoo wetu. Dawa yake ni sadaka, yaani mbegu "inayouma". Akanisomea mjane wa Sarepta, pale Eliya anapomwambia amfanyie yeye kwanza mkate mdogo. Kwa hiyo mimi nikawa mjane, yeye Eliya, na mkate ukawa shilingi 3,500,000.

Sasa sikiliza hesabu, maana wewe unafundisha hesabu darasa la tano na hii ni ya darasa la tano. Akiba yangu SACCOS ilikuwa 1,400,000. Walikuwa wanakopesha mara tatu ya akiba, kwa hiyo nikapata 4,200,000. Milioni tatu na nusu ikaenda madhabahuni, laki saba nikamwachia mke wangu nikamwambia "hii itatosha hadi mlango ufunguke". Nikaandika barua ya saa 24. Nikapanda mlimani.

Kabla hatujapanda huo mlima, swali moja: wadhamini wako ni akina nani?

Maana mimi sikuwahi kujiuliza. Fomu ilitaka wadhamini wawili. Nikampata dada wa mapokezi na mzee mmoja dereva, wote wakasaini wakiwa wamesimama, kwa kuniamini tu. Nilipoacha kazi, mshahara wa kukatwa ukawa haupo. Chama kikachukua akiba yangu yote, zikabaki 2,800,000, achilia mbali riba. Wakagawa kwa mbili. Laki moja kwa mwezi kwa kila mmoja, miezi kumi na minne. Mimi niko mlimani nalia "Bwana, nimekupa vyote!" kumbe nimempa vya dada wa mapokezi.

Hilo ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo. Fedha yangu nilishaisamehe. Ningekuwa nimetupa ya kwangu ningecheka.

Mlimani kwenyewe kufupi. Turubai, baridi, kufunga kavu siku tatu tatu. Ukitaka kujua nilifunuliwa nini: siku ya sita nilifunuliwa chapati. Niliiona wazi, na mafuta yake. Pembeni yangu kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akimwombea mumewe kwa machozi, kwamba Mungu amrudishie akili, ameacha kazi nzuri amemfuata mtumishi. Nikasema Amina kwa sauti kubwa kabisa. Nilishuka siku ya 23 na vidonda vya tumbo.

Mlango haukufunguka. Mtumishi akasema niliitoa mbegu nikiwa na mashaka. Akanipa "nafasi ya kutumika", yaani kuongoza magari kwenye maegesho ya kanisa, bila posho, miezi minane. Mke wangu alikuwa anaamka saa tisa usiku kukanda unga wa maandazi. Mtoto wa kwanza alirudishwa nyumbani kwa ajili ya viatu. Mimi nilikuwa na fulana ya njano imeandikwa MTUMISHI mgongoni.

Nimuache huyo mtumishi? Hapana, acha niseme kidogo, miaka yote nimenyamaza. Gehazi alimkimbilia Naamani akachukua talanta mbili za fedha na mavazi mawili, akarudi na ukoma. Bwana wake Elisha alikuwa amekataa hata senti. Miaka miwili kwenye ile huduma sikuwahi kusikia sura hiyo ikihubiriwa. Sarepta niliisikia kila mwezi. Mwaka 2011 watu walimiminika Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu, shangazi yangu akiwemo, na kikombe kilikuwa shilingi 500. Mia tano! Shangazi alirudi na chenji.

Basi. Siku moja mwaka 2017 nikakutana na yule mzee dereva kituoni Rangi Tatu. Nilitaka kujificha nyuma ya muuza maji lakini alishaniona. Akanisalimia kwa jina, akaniuliza, "Vipi, mlimani kulikuwaje?" Hakuwa ananikejeli, hilo ndilo lililoniumiza, alikuwa anataka kujua kweli. Akatoa karatasi ya mshahara mfukoni, imekunjwa mara nne, akaweka kidole kwenye mstari wa makato, kidole kina grisi kwenye kucha. "Hapa ndipo napanda mbegu yako," akasema. Akapanda daladala. Alikuwa anajenga Chamazi, kuezeka mabati kulikwama mwaka mzima.

Nilikwenda nyumbani kwa miguu. Na njiani, kati ya magari na vumbi na mziki wa maduka ya simu, ndipo nilipoomba kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Haikuwa sala ndefu. Nilisema tu "nimeelewa".

Nilielewa nini? Hapa ndipo nitajiaibisha, na matusi yaje tu. Ukavu wangu haukuwa na nyoka wala mti. Miaka miwili kabla ya mlima nilikuwa napiga dili na matandiboi, wale wasaidizi wa magari ya mizigo. Gari likija kubeba mifuko 200 naandika 200, zinatoka 202. Miwili inauzwa kona, tunagawana. Kila jioni nafunga leja, naenda ibadani, nainua mikono. Halafu nashangaa mbingu ni shaba! Nilikuwa najua. Mtu hujua. Ila "laana ya ukoo" ilikuwa tamu kuliko "wewe ni mwizi wa saruji", na mtumishi aliniuzia ile tamu.

Soma Luka 3. Watoza ushuru wanamwendea Yohana Mbatizaji mtoni wanauliza, tufanye nini? Ungetegemea awaambie waache ile kazi chafu wamfuate nyikani wale nzige. Anawaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari nao wanauliza, anawaambia wasidhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, watosheke na mishahara yao. Anawarudisha kulekule kazini, wote, kwenye meza ileile, ila mikono iwe misafi.

Na kwa kuwa najua utaniletea Eliya na siku zake 40, tusome wote 1 Wafalme 19. Amekaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Malaika anamletea nini? Mkate uliookwa juu ya makaa na maji. Akala, akalala. Akaamshwa, akala tena. Ndipo akatembea hizo siku 40, na alipofika Horebu akaulizwa, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Aliulizwa mara mbili! Kisha akaambiwa arudi kwa njia yake. Mwalimu, usiende siku 40 kuulizwa unafanya nini huku. Jiulize ukiwa hapo Morogoro, ni bure, hakuna nauli.

Kanuni yangu ni moja, na mke wangu amechoka kuisikia: hutoki mpaka ujue unachokikimbia. Ukishakijua, hutahitaji kutoka. Sijui chako ni nini. Inawezekana wala si dhambi, inawezekana una watoto 110 darasani na hujalala vizuri tangu muhula wa kwanza, basi dawa yako ni ile ya Eliya, ule ulale. Inawezekana kuna mwalimu mwenzako hamsemeshani tangu mwaka juzi. Inawezekana kuna mchango wa wazazi ambao haukufika ulipotakiwa kufika. Sikutuhumu, najitazama tu mimi.

Bibi yangu kule Muleba alikuwa mtu wa uamsho, wale walokole wa zamani kabisa. Moto wao ulianzia Gahini, Rwanda, na Uganda, miaka ya 1930, ukashuka hadi Bukoba. Alikuwa akitusimulia kwamba mtu akiokoka kijijini, ushahidi wake ulikuwa vitu kurudi. Mtu anaonekana njiani na jembe begani analirudisha kwa mwenyewe baada ya miaka sita. Nikiwa mtoto niliona ni hadithi za wazee. Kumbe bibi alikuwa ananiachia ramani.

Nilirudi kwa bosi wangu wa zamani. Nilipiga hesabu usiku kucha nikafika mifuko 96 ya upande wangu, kwa bei ya wakati ule ni kama milioni moja na laki na nusu. Zakayo alirudisha mara nne. Mimi nilibembeleza mara moja, kwa awamu. Nilitegemea moja kati ya mawili, polisi au kukumbatiwa. Bosi hakufanya lolote kati ya hayo. Alivaa miwani, akavuta kikokotoo, akarekebisha hesabu yangu (nilikosea mifuko minne, kwa faida yangu), akasema elfu hamsini kila mwezi. Na kila mwezi akaniandikia risiti. Hakuniambia "ubarikiwe" hata siku moja. Milioni tatu na nusu niliitoa kwa mikono miwili nikipiga magoti sikupewa karatasi. Huyu nimemwibia na ananipa risiti yenye mhuri. Ziko zote ndani ya Biblia yangu, Luka 19, imevimba haifungi.

Wadhamini nilimaliza kuwalipa mwaka 2020. Dada wa mapokezi alipokea ya mwisho akasema "haya" tu. Hajawahi kunichekea tena, na ana haki.

Sasa niko stoo nyingine, ndogo, mshahara mdogo. Saa kumi na moja alfajiri nipo kwenye daladala, simu mfukoni, zaburi moja, nikisimama au nikikaa. Siku nyingine naelewa mstari mmoja tu kwa sababu konda anagombana na mtu wa chenji. Gari likija nahesabu mifuko kwa sauti, na tandiboi wa siku ya kwanza alinikonyeza, nikarudia kuhesabu kuanzia mmoja. Mwalimu, siwezi kukueleza vizuri, lakini pale kwenye mfuko wa mia mbili, nikaandika mia mbili na zilikuwa mia mbili, nilisikia kile nilichokuwa nakitafuta mlimani. Vumbi la saruji puani, jasho, hakuna kinanda. Nikasema asante Yesu, nikasaini. Alhamisi jumuiya kwa jirani, tunaimba, tunagawana chai ya tangawizi, mzee mmoja husinzia kila wiki na hakuna anayemkemea pepo.

Feni ya kanisani bado mbovu, nadhani. Siku hizi sihesabu.

Uliuliza pia habari ya... kuhama kanisa, na kusinzia ukisoma Biblia. Ukisinzia, lala. Ya kuhama nitarudi, kuna Fuso inapiga honi hapa nje.

Ila umesema barua unapeleka Jumatatu. Kabla ya hapo andika hapa majina ya wadhamini wako wawili, herufi za mwanzo tu zinatosha, na mmoja wao anajenga nini.