Dirisha Moja Halipimi Dunia

SWALI: Nyumbani kwetu ubishi hauishi. Kukipambazuka na baridi kali, shemeji yangu hufungua pazia na kuuliza, "Haya, hilo joto la dunia liko wapi?" Siku jua likichoma kupita kiasi, binti yangu naye humgeukia: "Mjomba, umeyaona sasa mabadiliko ya tabianchi?" Nani yuko sahihi? Halafu shemeji ana swali ambalo hutunyamazisha sote: ikiwa watabiri hawana hakika na mvua ya wiki mbili zijazo, wanaijuaje dunia ya mwaka 2100?
— Mama wa Katikati

JIBU: Mama wa Katikati, kwa namna wanavyobishana, wote wawili wanakosea, na kosa lao ni lile lile. Kabla ya kustaafu nilisoma vipimajoto kwa miaka 22. Kila baada ya saa tatu nilitoka nje, nikafungua kibanda cheupe chenye kuta za vibao vilivyoachiana ili upepo upite, nikasoma kipimajoto kilichowekwa kivulini kwenye kimo cha kifua, nikaandika namba moja daftarini. Namba ile ndiyo hali ya hewa. Hakuna hata moja, peke yake, iliyowahi kuniambia dunia inaelekea wapi. Madaftari yaliyojaa rafu ndiyo yaliyoniambia.

Nusu ya ubishi wenu imo ndani ya maneno. Wengi wetu husema "mabadiliko ya hali ya hewa" tukimaanisha mvua iliyokatika mchana, na tukasema hayo hayo tukimaanisha jambo la karne nzima. Ndiyo maana nalipenda sana neno tabianchi: ndani yake mna tabia. Ukikutana na mtu asubuhi unamuuliza hali yake, na anakujibu ya siku hiyo. Tabia yake huulizi, unaijua kwa kuishi naye. Mtu mpole anaweza kuamka na hasira, na bado ni mpole. Wataalamu wa hali ya hewa duniani wamekubaliana muda wa kuishi na mahali kabla ya kuitaja tabia yake: miaka 30. Wastani unaotumika sasa ni wa 1991 hadi 2020.

Shemeji yako hayuko peke yake. Tarehe 26 Februari 2015, seneta James Inhofe wa Marekani aliingia na donge la theluji katika ukumbi wa Seneti na kulirusha, akitaka wenzake waone jinsi nje kulivyokuwa na baridi. Baridi ile ilikuwa ya kweli, sibishi. Lakini Marekani yote, hata ukiijumlisha Alaska, haifiki asilimia 2 ya uso wa dunia. Mwaka ule ule ulimalizika ukiwa na joto kuliko mwaka wowote uliowahi kupimwa duniani, na 2016 ukaupita. Hadi mwisho wa 2024, miaka kumi yenye joto zaidi katika kumbukumbu zote ilikuwa ile ya 2015 hadi 2024.

Binti yako amefika penye ukweli, ila kwa njia itakayomwangusha, kwa sababu akisimama na hoja ya dirishani, asubuhi ya baridi itakuja kumgeuka. Mwambie ahesabu. Mahali ambapo tabianchi haibadiliki, rekodi mpya za joto na za baridi hukaribiana kwa idadi, na zote huzidi kuwa adimu kadiri daftari linavyorefuka. Utafiti uliochapishwa 2009 ulizihesabu za Marekani: katika muongo wa kwanza wa karne hii, rekodi za joto zilikuwa takriban mara mbili ya zile za baridi. Baridi haikutoweka. Inashindwa hesabu, na hiyo ndiyo hoja ambayo shemeji atalazimika kuijibu.

Sasa lile swali linalowanyamazisha. Ni swali zuri na linastahili heshima. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alikuwa akiendesha hesabu za hewa kwa kompyuta, akaingiza 0.506 badala ya 0.506127. Tofauti ile ndogo ilikua hadi matokeo yakawa mengine kabisa. Ndiyo sababu utabiri wa siku hadi siku huishiwa nguvu baada ya wiki mbili hivi. Lakini anayeulizwa kuhusu 2100 hatakiwi kutaja mvua ya siku fulani. Tupa jani mtoni: hujui litagonga jiwe lipi, ila ukijua maji yanaongezwa huko juu, unajua mto utapanda. Kinachoongezwa hapa ni hewa ukaa. Kabla ya viwanda ilikuwa kama sehemu 280 katika kila milioni ya hewa. Mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa kama 315. Leo imepita 420, na gesi hiyo huzuia joto lisitoroke kwenda angani. Klaus Hasselmann, mwanasayansi wa tabianchi wa Ujerumani, alionyesha jinsi tabia inayotabirika inavyoweza kukaa pamoja na hali isiyotabirika, na kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Fizikia 2021.

SWALI: Kwa hiyo mafuriko yakitokea, hatuwezi kamwe kuyahusisha na tabianchi?
— Msomaji wa Kila Toleo

JIBU: Mnaweza, mkiuliza vizuri. Badala ya "je, ndiyo iliyoyaleta?", ulizeni "imeyaongezea uwezekano au ukali kiasi gani?" Hewa ikipata joto la nyuzi moja ya Selsiasi, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mvua ile ile ingeweza kunyesha zamani; leo mawingu yake yana maji mengi zaidi ya kumwaga.