Upton Park si suala la viti

Kaka, umeuliza mashabiki wa West Ham, timu ya London, wanalia nini wakati wametoka Upton Park, uwanja wa watu 35,000 na kitu, wakaenda London Stadium wa zaidi ya 60,000. Ukubwa haujawahi kuwa tatizo lao. London Stadium ulijengwa kwa Olimpiki ya 2012, riadha kwanza, mpira baadaye. Ukikaa nyuma ya goli, kati yako na kipa kuna uwazi ambao ungeweza kuegesha daladala kadhaa.

Upton Park haikuwa hivyo. Upande wa mashariki paliitwa Chicken Run, yaani banda la kuku, na winga wa timu pinzani akienda kurusha mpira alikuwa anasikia matusi ya mtu mmoja mmoja, siyo kelele za jumla. Kuna wachezaji waliokuwa wanaogopa upande ule kabisa. Halafu walikuwa na kwao tangu 1904. Sasa ni wapangaji, mkataba wa miaka 99!

Mechi ya mwisho pale, Mei 2016, waliifunga Man United 3-2, Winston Reid akamaliza kazi kwa kichwa. Baadaye uwanja ukabomolewa, zikajengwa nyumba za kuishi.

Sisi wa Arsenal tusiwacheke sana. Highbury, uwanja wetu wa zamani, nayo ni maghorofa ya watu, na pale mshambuliaji wetu Thierry Henry alipopiga magoti akabusu nyasi 2006 siku hizi ni bustani ya wakazi.