Utingo Niliyemfukuza Bure

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tororo aliniandikia: "Kaka, kijana wangu wa stoo ameharibu mzigo. Nimfukuze au nimsamehe?" Dada yangu, yote mawili ni mapema. Najua, kwa sababu mimi nilikimbilia la kwanza.

Nilikuwa msimamizi wa malori katika kampuni moja ya usafirishaji. Tulipakia Jinja kontena la baridi la minofu ya sangara, mputa kwa wenyeji, kwenda Mombasa. Minofu ya kugandishwa hukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Usiku, kwenye foleni ya mpakani Malaba, jenereta ya kontena ikazima. Nilipofika asubuhi maji ya rangi ya waridi yalikuwa yakidondoka mlangoni na paka wawili wameshawahi chini ya lori. Utingo alikuwa amelala kwenye kabini. Nikamfukuza pale pale mbele ya madereva, nikajiona dume.

Miezi miwili baadaye ikazima nyingine. Foleni ile ile, utingo mwingine.

Safari hii niliita wote: dereva, utingo, karani, mhasibu. Nikaagiza chai na chapati, nikasema leo hakatwi mtu mshahara, kila mmoja aseme alifanya nini na saa ngapi. Watu wakatazama vikombe vyao, we! Mwishowe karani, mtu mkimya sana, akasema pesa ya dizeli huituma kwenye simu ya dereva jioni. Dereva akasema jioni simu yake huwa haina chaji. Utingo akasema hajawahi kuambiwa apime tangi la jenereta. Tukaivuta fomu ya kukabidhiana lori. Ina matairi, taa, hata kizimamoto. Dizeli ya jenereta haimo.

Fomu hiyo niliiandika mimi.

Jambo hili watu wa ndege walishalimaliza. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinasema uchunguzi wa ajali ni wa kuzuia ajali nyingine, si wa kugawa lawama. Hao ni watu wanaozika abiria. Wewe na stoo yako unajiona nani? Acha kuuliza "nani", uliza "ilikuwaje". Andikeni saa. Bosi akiri lake kwanza, kisha anyamaze. Narudia, anyamaze! Na usiniambie watu watazembea. Mwizi wa dizeli ni kesi nyingine, huyo mpeleke polisi. Lakini ukifoka kila siku, utakuwa wa mwisho ofisini kujua kinachoharibika.

Yule utingo sasa anaendesha boda Busia. Mwezi uliopita nilipanda pikipiki yake bila kumtambua, mpaka alipouliza bila kugeuka, "Mzee, bado mnapeleka samaki?" Nikamsimulia habari ya fomu, njia nzima. Hakujibu kitu. Nauli ilikuwa shilingi 2,000. Nikampa noti ya 10,000, nikamwambia abaki nayo. Akatoa 8,000 mfukoni, akanihesabia mkononi noti moja moja.