Rubani wa helikopta anagongaje waya wa umeme alioenda kuukagua?
Huo anaoukagua anauona. Unaomponza zaidi ni mwingine: laini nyingine ya umeme inayokatiza juu ya ile anayoikagua, au waya wa kukinga radi unaopita kileleni mwa nguzo. Huo ni mwembamba kuliko nyaya za umeme zenyewe, na jua likiwa usoni, au nyuma kukiwa na msitu, unapotea kabisa machoni. Ndiyo maana marubani hufundishwa kutafuta nguzo badala ya waya, na kuvukia laini juu ya nguzo yenyewe. Vile visu vya kukatia waya mbele ya helikopta vinasaidia, ila helikopta iwe inakwenda mbele kwa kasi ya kutosha. Waya ukinasa kwenye rafadha ya mkiani, havifui dafu.